Mchezaji wa gofu wa ridhaa anahitaji mwalimu

Bwana Mhariri,

Msomaji mmoja aliuliza katika gazeti lenu kama kuna haja ya mtu mzima anayecheza gofu kwa kujifurahisha kumlipa mwalimu, ilhali mafunzo ya bure yamejaa kwenye simu. Mimi ni mkazi wa Lubumbashi na mchezaji wa ridhaa, nami naomba nafasi nimjibu.

Haja ipo, na sababu yake kubwa ni kwamba mchezaji wa gofu hajioni. Nilimshuhudia mwenzangu mmoja ambaye mpira wake ulipinda kulia kila alipoupiga, naye, ili kuurudisha katikati, akaanza kusimama akielekea kushoto, ukazidi kupinda. Mwalimu hakumweleza habari za mabega wala kiuno. Alichukua fimbo moja, akailaza kwenye majani sambamba na ncha za viatu vyake, kisha akamwambia arudi nyuma aitazame. Ilielekea mbali kabisa upande wa kushoto wa bendera, na mwenye miguu hiyo hakuamini macho yake. Mpira hupinda kulia kwa sababu uso wa fimbo, yaani sehemu inayogonga mpira, wakati wa kugonga, umeelekea kulia kuliko njia ambayo fimbo inapita. Kadiri mtu anavyojigeuza kushoto, ndivyo njia hiyo inavyokata kutoka nje kuja ndani, na ndivyo mpira unavyozidi kupinda. Baada ya hapo mwalimu alimgeuzia kidogo mkono wa kushoto juu ya mpini, mpaka vifundo viwili vya vidole vikaonekana alipotazama chini, akamwacha afanye mazoezi ya jambo hilo moja tu. Video humwambia kila mtu neno lilelile, hata yule ambaye kosa lake ni tofauti.

Tena video hizo hazikurekodiwa kwetu. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mpira huruka mbali kidogo kuliko pwani. Wakati wa kiangazi ardhi hukauka na kuwa ngumu, hivyo mpira ukishatua huendelea kuviringika. Mvua zikishakolea, karibu na Desemba na Januari, mpira uleule husimama pale ulipoangukia. Mkwaju unaofaa mwezi wa Agosti haufai mwezi wa Januari, na anayeweza kumfundisha mtu hilo ni yule anayeukanyaga uwanja huo mwaka mzima.

Hata hivyo, nina neno kwa wanaofundisha. Mara nyingi mwanafunzi mpya hukabidhiwa fimbo ndefu kuliko zote na kuachwa aupige mpira kwa nguvu zake zote, jambo linalompendeza siku ya kwanza na kumchosha mgongo siku ya pili. Ningependa masomo yaanzie shimoni. Katika uwanja ambao kiwango chake ni mikwaju 72, hesabu hiyo inampa mchezaji mikwaju miwili ya kusukuma mpira kwenye kila grini (eneo la majani mafupi lenye shimo), yaani 36 kwa mashimo yote 18, ambayo ni nusu ya mchezo mzima. Shimo lenyewe lina kipenyo cha milimita 108. Anayeanza akiwa umbali wa mita moja kutoka hapo hujifunza uso wa fimbo na njia yake kwa mwendo mdogo anaoweza kuutawala, kisha husogea nyuma taratibu. Kanuni zinaruhusu kubeba fimbo hadi 14, lakini kwa masomo haya moja au mbili zinatosha, hata zikiwa za kuazima, na gharama ndiyo inayowazuia watu wengi wa mitaa ya mji wetu kama Katuba au Kenya hata kuulizia mchezo huu. Mfumo wa dunia wa handikapu (namba inayoonyesha takriban mikwaju anayozidisha mchezaji juu ya kiwango cha uwanja) ulioanza mwaka 2020 unamkubali mchezaji mwenye handikapu ya hadi 54, kwa hiyo hata anayeanza anaweza kupima maendeleo yake kwa hesabu inayotambulika.

Walimu watatoka wapi? Naamini wengine tunao tayari miongoni mwa makedi. Kijana anayebeba mfuko wa mchezaji kila wiki anaufahamu mteremko wa kila grini na ameona makosa ya kila aina; anachokosa ni mafunzo ya kufundisha na cheti cha kuonyesha kwamba ameyapata. Nawaomba wanaosimamia gofu katika mji wetu wawagharamie wachache wao mafunzo hayo, kisha wawatengee asubuhi moja kwa wiki ya kufundisha wanaoanza kwa makundi, kwa ada ya franga iliyobandikwa mlangoni ili kila mtu aisome kabla ya kuingia.

Msomaji wenu,
Lubumbashi