Kaka, lile neno la kibanda

Kaka yangu,

Simu zangu hupokei, ndiyo maana nakuandikia hapa.

Arobaini ya mama ni Ijumaa na sitafika. Ruhusa yote ya kazini niliimaliza kwenye mazishi. Lakini kabla ya hitima kuna neno lako nataka uliondoe. Ulishuka garini, begi mkononi, ukaitazama nyumba yangu pale langoni, ukacheka. "Umevuka bahari yote hiyo kuja kukaa kwenye kibanda cha bawabu?" Mwanangu alikuwa amekushika mkono. Usiku uleule ukampigia mama.

Ni kweli, ilijengewa bawabu, zama za Malkia Victoria. Lakini wewe ni mwashi, kaka! Wewe ndiye uliyenishikisha timazi nina miaka saba. Hukuona dirisha la sebuleni lilivyojitokeza nje, ili bawabu aone gari la farasi likija upande wowote bila kunyanyuka? Mbele, mawe yamechongwa yakakaa sawasawa. Nyuma, wasikopita wageni, yameachwa na sura yake ya machimboni. Dohani ni ndefu kupita haja, maana mgeni wa mwinyi alianza kuiona nyumba hii kabla ya jumba lenyewe. Na viungo ni vya chokaa, kama kwa bibi, unyevu upate pa kutokea.

Nilikupeleka Edensor, kule Derbyshire, nikidhani utaelewa. Kijiji ambacho Duke wa 6 wa Devonshire alikijenga upya kati ya 1838 na 1842, ndicho hiki, na nyumba moja haifanani na nyingine. Kazi aliishika Joseph Paxton, aliyeingia Chatsworth, kwenye jumba la Duke huyo, kutunza bustani, na mwaka 1851 akaisimamishia London jumba la vioo. Amezikwa uwanja mmoja wa kanisa na Duke wake. Tukiwa pale kaburini, ukaniuliza tutakula saa ngapi.

Nakushauri kama mdogo wako: uliza kwanza, ndipo useme. Mimi niliuliza. Kodi naimudu, shule ya mtoto iko karibu, paa halivuji. Na hela za dawa za mama zilitoka humuhumu, kila mwezi. Wewe ndiye uliyekuwa ukizipokea.

Mama amekufa akiamini nalala kibandani, kaka.

Ijumaa watakuwepo wote, shangazi na majirani. Waambie nyumba ina vyumba vinne, na kimoja nilikuwa nimemtandikia mama.