Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira wa Afrika Kusini: Kabla ya kutoa kibali, wahesabuni na panya

Mheshimiwa Waziri wa Misitu, Uvuvi na Mazingira,

Kwa heshima zote nakuandikia kwa Kiswahili, lugha rasmi ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, tangu 2019, kuwasemea panya wa mwituni wa Western Cape.

Najua panya hana mtetezi. Mimi natoka Morogoro, ambako panya buku hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Sokoine kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, kwa hiyo kwangu panya kufanya kazi si ajabu. Hawa wenu hawajafundishwa na mtu. Wanaishi kwenye miamba na michanga ya fainbosi, yaani uoto wa vichaka wa asili wa huko kwenu, nao ndio wanaochavusha baadhi ya vichaka vyenu.

Iangalie Protea humiflora, mojawapo ya vichaka hivyo. Protea nyingi huinua maua juu yakiwa na rangi kali, ndege aina ya chozi wakayafuata. Hii huyaficha chini ya matawi yake, karibu kabisa na udongo. Kwa nje ua ni la rangi iliyofifia, lina harufu ya hamira, na mbochi wake, yaani maji matamu ya ua, ni mwingi. Usiku panya hutumbukiza pua akalamba, kisha huondoka na chavua usoni kwenda ua jingine. Wataalamu wa mimea John Rourke na Delbert Wiens waliliandika jambo hili mwaka 1977, na tafiti za baadaye zikalithibitisha.

Kilichonisukuma hasa kuandika ni Leucospermum arenarium, kichaka adimu cha kwenye mchanga, karibu na mji mdogo wa Aurora, kaskazini mwa Cape Town. Mwaka 2014 watafiti Christopher Johnson na Anton Pauw walionyesha kwamba panya ndio wachavushaji wake wakuu. Waligundua pia kwamba panya ni msafi mno: akitoka kwenye ua hujilamba na kujisugua, na chavua nyingi hupotea upesi. Ndiyo maana naamini umbali kati ya vichaka ni jambo la kufa na kupona. Huko ni nchi ya viazi. Shamba jipya likifyekwa katikati ya vichaka hivi, vichaka vya pande zote mbili vinaweza kubaki vimesimama, ramani ikaonyesha vimehifadhiwa, kumbe havifikiani tena. Vitachanua mwaka hadi mwaka, vizeeke bila mbegu za kuvirithi.

Simlaumu mkulima, viazi vyake navila. Lakini sheria yenu tayari inadai tathmini ya mazingira kabla ya kufyeka uoto wa asili kwa kiwango kikubwa. Naomba tathmini hiyo, popote penye vichaka vya aina hii, ifanyike pia usiku wakati wa maua, kwa mitego isiyoua. Mtaalamu akija mchana tu atauona mmea, asimwone anayeuzalisha. Naomba kibali kitaje ukanda wa uoto wa asili usioguswa, unaounganisha kundi moja la vichaka na jingine. Na sumu ya panya ipigwe marufuku kandokando ya ukanda huo, kwa sababu sumu haimtofautishi panya wa ghalani na wa porini.

Kwa eneo la Aurora, Mheshimiwa, naomba agizo litoke kabla ya kibali kingine chochote cha kufyeka kutiwa saini.

Wako mtiifu,
Mpenda mimea, mkazi wa Cape Town