Mashine ya kukatia nyasi haichaguliwi kwa nguvu za farasi tu

Mhariri,

Naomba nafasi niwaase wasomaji wenye bustani kubwa wanaofikiria kununua mashine ya kukatia nyasi ya kukalia. Matangazo ya mashine hizi hutanguliza nguvu za farasi na upana wa mkato. Mambo yanayoamua kama mashine itadumu, yaani mteremko inaouweza na aina ya gia zilizo chini ya kiti, ama hayatajwi kabisa ama yamefichwa kwenye kijitabu cha maelekezo.

Mteremko kwanza. Nyingi kati ya mashine hizi zina kikomo cha nyuzi 15, na nyingine ni chini ya hapo. Chukua ubao ulionyooka wa mita 1, gusisha ncha moja ardhini upande wa juu, usawazishe kwa pimamaji, kisha pima pengo chini ya ncha ya pili. Sentimita 27 ni sawa na nyuzi 15. Palipozidi, usipande na mashine ya kukalia hata kama muuzaji anakuhakikishia. Palipo ndani ya kikomo, trekta dogo likate kwa kupanda na kushuka, lisiambae ubavuni mwa mteremko, maana likiambaa hupinduka kwa ubavu.

Zile zenye fimbo mbili badala ya usukani, zinazogeuka papo hapo, hazina mfano penye miti na vitalu vingi vya maua. Lakini nyingi huongozwa na magurudumu ya nyuma tu; ya mbele hujizungukia. Tairi za nyuma zikiteleza kwenye nyasi mbichi mteremkoni, mwendeshaji hana tena namna ya kuielekeza wala kuisimamisha. Kwa bustani yenye mabonde, ushauri wangu ni trekta dogo lenye usukani.

Upana wa mkato ni hesabu nyepesi. Mkato wa sentimita 107 kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa ni mita za mraba 6,400 hivi kwa saa. Toa sehemu moja ya tano kwa kukunja kona na kupitiliza mistari, zinabaki kama 5,100. Ekari moja ni takriban 4,050, kwa hiyo inaisha ndani ya saa moja. Usikimbilie mkato mpana zaidi kama ardhi ina matuta, kwani kasha pana la visu hunyoa vilele vyake hadi udongo. Na pima kama mashine itapita getini, ukijumlisha mdomo wa kutemea nyasi.

Kwenye gia ndiko fedha nyingi hupotelea. Gia za kubadilisha kwa mkono ni rahisi kutengeneza, ila zinachosha penye kona nyingi. Gia za haidroliki huendeshwa kwa pedali na ni laini, lakini adui yake ni joto. Kuvuta tela zito au kupanda mlima muda mrefu huchemsha mafuta, yanakuwa mepesi, na pampu inapoteza msukumo. Kwa mashine za bei nafuu giaboksi mara nyingi imezibwa, haikusudiwi kubadilishwa mafuta. Ndiyo maana mashine iliyotumika haijaribiwi ikiwa baridi: iendeshe nusu saa, kisha ipandishe mlima. Iliyochoka itapanda vizuri mwanzoni na kugoma ikishapata moto. Ukihitaji kuisukuma mashine injini ikiwa imezimwa, fungua kwanza wenzo wa kuachia gia, la sivyo utaiumiza.

Injini yenyewe haina makuu: oili ya kwanza mwage baada ya saa 5 hadi 8 za kazi, kisha kila saa 50 au kama kijitabu kinavyosema. Mkato ukiwa wa upande upande, angalia upepo wa tairi kabla ya kugusa kasha la visu. Kisu kilichonolewa bila kusawazishwa uzito hutikisika na kuua beringi.

Swichi ya kiti, inayozima visu mwendeshaji anapoinuka, isiunganishwe waya wa kuiruka kwa sababu yoyote, na mtoto asipakatwe.

Wauzaji nao nawaomba waandike ndani ya tangazo lenyewe kikomo cha mteremko, uzito wa tela unaoruhusiwa, upana wote wa mashine, na kama visu, mikanda na filta za modeli hiyo wanazo dukani.

Fundi wa mashine za bustani