Jumamosi: mawimbi na mikunjo

Habari za jioni, wanakikundi. Jumamosi saa 4 asubuhi tunarudi kwenye mlinganyo wa Korteweg na de Vries wa 1895, unaoeleza mawimbi ya maji ya kina kifupi: u_t + 6uu_x + u_xxx = 0 (u ni kimo cha wimbi, x mahali, t wakati; herufi za chini zinaonyesha u inavyobadilika kwa x au kwa t). Wiki jana wengi mlikwama pale fomula ya Its na Matveev (1975), inayojenga suluhisho za mlinganyo huo kutokana na mikunjo, ilipotokea, na kosa ni langu, nilikimbia mno. Tuanze na tundu moja tu: mkunjo wa namba changamano ni uso, na huu wa kwanza una tundu moja kama la pete.

Chukueni mkunjo y² = (z−e1)(z−e2)(z−e3), e1 < e2 < e3. Unatoa wimbi linalojirudia. Sasa sogezeni e1 na e2 hadi zigusane: umbali kati ya kilele na kilele unarefuka bila kikomo, mnabaki na nundu moja peke yake, kama ile aliyoifukuza Scott Russell kwa farasi kwenye mfereji karibu na Edinburgh mwaka 1834. Zikigusana e2 na e3 je? Wimbi linalala kabisa! Jaribuni kwa mkono kabla ya kuja.

Matundu g tutayafikia baadaye: u = 2(log θ)_xx + c, ambapo θ ni fonksheni ya theta ya Riemann inayotokana na mkunjo, c ni namba isiyobadilika, na ndani ya θ, x na t zinaenda kwa mstari mnyoofu.

Mama Neema, kalamu za ubao zimekauka, tafadhali.