Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Tanga

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi. Mkuu wa Shule, walimu, wazazi, na wavuvi mliofika kutoka vijiji vya pwani,

Tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Kazi za klabu utaziona mabandani. Hapa tunaomba kuzungumzia jambo moja tu, nalo ni sheria inayomlinda silikanti, samaki wa kale aishiye vilindini.

Mheshimiwa mgeni rasmi, samaki huyu alidhaniwa kutoweka zama za dinosaria hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, na tangu mwaka 2004 wavuvi wa Tanga, hasa wa Kigombe na Mwarongo, wamekuwa wakimkuta kwenye majarife yao, yaani nyavu kubwa za kunasia papa. Kwa kutumia Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Na. 29 ya mwaka 1994, Serikali ilitangaza mwaka 2009 Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, kuanzia mlango wa mto Pangani hadi kijiji cha Mafuriko, kaskazini ya jiji letu.

Ugumu tunaouona ni kwamba hakuna mvuvi anayemtafuta silikanti. Nyama yake imejaa mafuta na mnadani haina mnunuzi. Jarife hutegwa vilindini kwa ajili ya papa, na linapovutwa, silikanti hutoka taabani, na hata akirudishwa majini ni nadra kupona. Kwa hiyo katazo la kumvua, likisimama peke yake, linamkuta mtu ambaye hakukusudia kosa, naye kwa hofu humtupa samaki baharini bila kumwambia yeyote, na takwimu zikapotea pamoja naye. Kwa mvuvi wa baruti hatuombi huruma, kwani Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 inamkataza waziwazi na yeye analijua hilo. Mwenye jarife ni suala jingine.

Tena hasara yake hairudi upesi. Watafiti waliochunguza magamba ya samaki huyu walieleza mwaka 2021 kwamba anaweza kuishi karibu miaka 100, hupevuka akiwa na takriban miaka 55, na mimba yake huchukua miaka ipatayo mitano.

Mheshimiwa mgeni rasmi, sheria hiyo ya mwaka 1994 inataka wanavijiji washirikishwe katika hatua zote za kupanga na kusimamia hifadhi, na kwetu hicho ndicho kipengele chake chenye nguvu kuliko adhabu. Tunaomba ofisi yako iwakutanishe wahifadhi na wavuvi ili wakubaliane ni vilindi vipi visitegwe jarife, na mwenye kuacha jarife asaidiwe kupata mishipi au zana nyingine halali. Tunaomba pia mvuvi anayetoa taarifa ya silikanti aliyenaswa kwa bahati mbaya ahakikishiwe kwamba hatashtakiwa kwa taarifa hiyo, na utaratibu huo ubandikwe kwenye kila diko, yaani mahali wavuvi wanaposhushia samaki, kwa Kiswahili.

Tunaomba kuwasilisha.