Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Bei za Rukwa na Wastani wa Taifa

Ndugu wanachama,

Mahesabu atayasoma mweka hazina, na taarifa ya ghala mnayo kwenye makabrasha. Mimi nitazungumzia jambo lililozua maneno mengi kuliko yote mwaka huu: bei ya mahindi inayotangazwa kitaifa na ile tunayopewa hapa Sumbawanga.

Kila wastani wa taifa unapotangazwa, simu za viongozi hazipumziki. Wanachama wanataka kujua kwa nini mnunuzi anatoa bei ya chini kuliko hiyo. Wengi wamekata shauri kwamba tunaibiwa. Kamati imelifuatilia, na jibu letu ni kwamba sehemu ya pengo ni halali na sehemu si halali. Kazi yetu ni kuzitenganisha.

Ndani ya wastani huo wamo wanaovuna, kama sisi, Songea na Iringa, na wamo walaji wa Dar es Salaam na Mtwara, ambako mahindi hufika yakiwa yamebeba nauli ya lori, ujira wa wapakiaji, ushuru na faida ya dalali. Kutoka hapa hadi soko la nafaka la Tandale, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 1,000. Mkoa wenye ziada ya chakula huwa chini ya wastani. La kuuliza ni hili: ukishatoa nauli na ushuru, kinachobaki kinakwenda kwa nani?

Tuangalie pia tarehe. Sisi tunavuna mara moja, kuanzia mwezi Mei; wenzetu wa mikoa yenye vuli na masika wanavuna mara mbili. Anayelinganisha bei yetu ya Julai na wastani wa Februari anajiumiza bure.

Lakini kinachotuumiza kweli ni lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Sheria ya Vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Wote mmeona linavyojazwa: gunia linashindiliwa, linaongezwa kilemba juu, kisha linashonwa kwa kamba. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Gunia la Sh 60,000 likiwa na kilo 100, kilo moja ni Sh 600. Likiwa na kilo 120, kilo hiyohiyo imeuzwa Sh 500, na mkulima anarudi nyumbani akiamini ameuza kwa bei nzuri. Ndiyo maana mzani uliopo ghalani umekuwa ukombozi, na ninasikitika kuona bado wapo wanachama wanaouza shambani kwa debe kwa sababu mnunuzi kaja na fedha taslimu. Naelewa ada za shule hazisubiri. Hata hivyo, pimeni kwanza.

Upande wa pili wa mizania hausemwi vya kutosha. Tunapouza tuko chini ya wastani. Tunaponunua mafuta, tuko juu yake. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, mji kwa mji, na yeyote anaweza kuona bei inavyopanda kadiri mji unavyokuwa mbali na bandari. Dizeli hiyo ndiyo inayolima, inayosaga na inayosafirisha. Mkulima wa Rukwa basi anabeba umbali mara mbili, anapouza na anaponunua. Wanaotuona tuna bahati ya chakula cha bei nafuu walijue hilo.

Umbali huohuo una upande wa heri. Mwaka 2024, Zambia ilipokumbwa na ukame, ilikubaliana na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, kununua tani 650,000 za mahindi. Kwa soko hilo sisi ndio tulio jirani. Dar es Salaam ndiyo iliyo mbali. Tuzoee kuitazama bei ya mipakani, ya Tunduma na ya Kasesya, kabla ya kuitazama ya Tandale.

Kamati inaomba mkutano huu upitishe mambo mawili. La kwanza, ubao wa bei pale ghalani uandikwe kila wiki kwa kilo, ukionyesha bei yetu, ya Tunduma na ya Dar es Salaam, pamoja na nauli ya wiki hiyo. La pili, mchango wa kununua mzani mwingine kwa ajili ya wanachama walio mbali na ghala. Kiwango cha mchango kimo kwenye ajenda namba 4, na tutakipigia kura leo.

Mwenyekiti