Simba na samaki mbichi

Mwanangu mpenzi,

Asalaam alaykum. Huku Wete sote wazima. Bibi yako goti linamsumbua, lakini ulimi haujambo.

Ile katuni ya Madagascar uliyowatilia nduguzo kwenye flashi tumeitazama nyumba nzima. Alipotokea mfalme wa lemuri na kuanza kucheza ngoma, bibi yako akauliza: "Komba huyu kalewa tembo la nani?" Nikamwambia lemuri na komba wetu ni jamaa wa mbali, ila lemuri kwao ni Madagaska tu. Akasema ujamaa anauona.

Nduguzo walimpenda punda milia Marty, aliyechoka na bustani ya wanyama ya New York, akatamani mwitu. Mimi hakunishika. Anayelilia mwitu huku chakula analetewa kwa wakati hajui analolilia. Aliyenishika ni simba Alex. Kreti zao zinaanguka baharini, wanatupwa ufukweni, na huyu bwana maisha yake yote nyama aliletewa, hajui hata inatoka wapi. Njaa ilipombana, akimtazama rafiki yake anaona mnofu. Watoto walicheka, mimi nikasogeza kiti. Filamu ya watoto, ya 2005, inathubutu kusema kwamba urafiki haumshibishi simba! Kisha wakaja pengwini na vipande vya samaki mbichi, simba akala, akaridhika, mambo yakaisha. Hapo wametukwepa. Sisi Wapemba samaki hatumkatai, lakini simba wa kushiba vile simjui.

Tena wanyama waliovushwa bahari bila ya kuulizwa tunao wenyewe. Kobe wa kisiwa cha Changuu asili yao Shelisheli. Na hapa kwetu Pemba, msitu wa Ngezi, wapo kima punju, asili yao Unguja: waliletwa miaka ya 1970, wachache tu, ili jamii yao ipate makao ya pili. Mpaka leo hawajawa wengi. Kima hawa hakuna pengwini wa kuwaandalia. Wenzao wa msitu wa Jozani, kule Unguja, wale wanaoingia mashambani kula majani ya miembe na mikungu, wamejifunza kutafuna makaa, yale yale ya kupikia, yawapunguzie sumu ya majani tumboni. Wengine huyaiba jikoni kwa watu. Mnyama wa namna hiyo ningemtazama kwenye katuni usiku kucha, bora kuliko simba na sahani yake ya samaki.

Nduguzo sasa wanataka ya pili, ya 2008, ile ndege yao inapoangukia bara. Watilie. Lakini ukija likizo uwapeleke Ngezi kwanza, maana mdogo wako keshaniuliza kama kima wa kule wanaikumbuka Unguja, nami nimemwambia swali hilo akuwekee wewe msomi.

Babako